Sura ya Sita: Injini Iliyoonekana Nusu

Gari la kumpeleka Ruffin mahakamani Mansa lilipangwa kuondoka saa tisa alasiri, na mpaka asubuhi hiyo Inspekta Luse alikuwa bado hajaipenda ile picha.

Ilikuwa imelazwa mezani kwake, kubwa kama ukurasa wa gazeti uliokunjwa. Konstebo Mubanga ndiye aliyeileta kutoka studio ya Hervé, akiishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba ushindi, na kituo kizima kikaafiki kwamba kesi imekwisha. Picha ilionyesha pwani ya Mama Maggie, mnunuzi wa samaki ambaye injini ya boti yake iliibwa usiku wa Jumanne. Boti ipo. Injini ipo, imening'inia nyuma ya boti. Na pembeni, kando ya magunia ya chisense, dagaa wa ziwa hilo, amelala Ruffin, mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo ya ziwa, kajifunika blanketi lake la mistari huku akisubiri boti ya asubuhi. Hakuna mtu mwingine. Kulipokucha Ruffin alikuwa palepale na injini haikuwepo. Mubanga hakuona cha kuumiza kichwa hapo.

Luse aliona viwili. Kwanza, mnyororo wa injini haukukatwa. Kufuli lilifunguliwa kwa ufunguo, na Ruffin hakuwa na ufunguo wowote duniani isipokuwa wa sanduku lake la nguo. Pili, Ruffin mwenyewe hakujitetea. Alisema "nililala, sikuona kintu", akafunga mdomo, na tangu hapo hata matusi ya Mubanga hayakumfungua. Mwizi hujitetea mpaka povu limtoke. Huyu alikaa kimya kama mtu anayelinda kitu.

"Mwashibukeni, Ba Inspekta," Mubanga aliingia na chai.

"Eya mukwai. Njoo uitazame injini hii."

"Nimeitazama mpaka nimeiota."

"Nyuma yake kuna nini?"

"Ziwa. Taa za wavuvi." Wao wawili walizungumza Kibemba, kama kawaida yao.

"Nyuma yake, au ndani yake?"

Mubanga aliinama. Juu ya maji taa za wavuvi zilikuwa zimechora mistari ya njano, na mmoja wa mistari hiyo ulipita katikati ya mfuniko mweupe wa injini, ukaonekana waziwazi kama mtu anayepita nyuma ya pazia jepesi.

"Mashine ya Hervé ya kuchapia imezeeka," alisema.

"Imezeekea kwenye injini tu? Mbona mbao za boti ni nzito? Mbona huyu aliyelala ni mzito?"

Mubanga akaifuata chai yake. Luse alichukua picha na kofia, akatoka. Mlangoni alimkuta Fidélie, mke wa Ruffin, amekaa na sufuria ya bukari, ugali wa kwao, iliyofungwa kwa kitambaa, mtoto mchanga mgongoni. Kila asubuhi alikuja. Kanuni ya kituo ilikuwa moja: chakula kinaingia, mke anabaki nje.

"Madame, ni leo njo banamupeleka?" aliuliza.

"Saa tisa," Luse alijibu, na hakupenda sauti yake mwenyewe iliposema hivyo.

* * *

Studio ya Hervé ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu kwa ajili ya picha za vitambulisho. Mchana Hervé alipiga picha za watu, usiku aliajiriwa na Mama Maggie kulinda boti, na katikati ya kazi hizo mbili alipenda kitu kimoja tu: kupiga picha ziwa gizani. Ukuta mzima ulijaa ziwa.

Luse alikulia Puta, kando ya ziwa, kwenye Kiswahili cha wanunuzi wa samaki kutoka Kongo, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani.

"Jambo, Hervé."

"Jambo sana, madame inspekta. Unataka foto ya kitambulisho?"

"Nataka hii." Aliiweka kaunta. "Apareyi yako ilikaa wazi muda gani kwa kuikamata?"

"Sekunde makumi tatu. Nilimwambia Mubanga. Angalia weye mwenyewe." Akashusha kamera rafuni na kuzungusha gurudumu lake dogo. Namba zilipanda, zikafika thelathini. "Bon. Njo mwisho. Benye kuitengeneza balikataza kupita pale."

"Paka thelathini tu."

"Paka thelathini. Na miye nilikuwa nasimama pembeni yake, sikutoka."

Luse alisogea ukutani. Alizitazama picha za ziwa moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayechagua kitenge.

"Hizi nazo ni za sekunde thelathini?"

"Ndiyo, yote."

"Kwenye hizi nyota ni vidoti. Taa za bavuvi ni vidoti. Kwenye ile ya Jumanne nyota zimevutwa kama kamba, na taa ni mistari. Nyota zilikuwa na haraka Jumanne?"

Hervé alicheka kidogo, kicheko cha kuomba muda.

"Na hivi vidoa vyekundu na vya bluu kila mahali? Mubanga alidhani ni uchafu. Kwenye zingine haviko."

Luse alichukua kamera mkononi mwa Hervé, akalizungusha gurudumu hatua moja kupita thelathini. Kwenye kioo kidogo ikatokea herufi B, peke yake, bila namba.

"Na hii?"

"Ile... ile ni ya kushika na kidole. Ukifinya, inafungua. Ukiachia, inafunga."

"Na kidole kikichoka?"

Hakumsubiri ajibu. Kwenye stendi ya miguu mitatu palikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na ndani ya mpira kijiwe kimoja cha pwani kimefungwa fundo.

"Ule ni wa kukaza miguu, ju inalegea," Hervé aliwahi.

"Mpira wa kukaza miguu hauna kazi na kijiwe." Luse aliuzungusha mpira kwenye mwili wa kamera. Kijiwe kilikaa sawasawa juu ya kitufe, kikakifinya, na kamera ikafumbua jicho na kukaa hivyo. Wote wawili waliisikia.

Hervé alijikalia kwenye kiti cha wateja.

"Mama Maggie atanifukuza," alisema.

"Ulienda wapi?"

"Kwa Joëlle. Tunaoana mwezi wa nane. Aliniita nikule, nikasema apareyi itabaki kazini pa nafasi yangu. Nilirudia wakati betri ilikuwa inalia. Ilikaa wazi saa moja na nusu, madame. Nikachukua apareyi, nikaenda kulala. Hata sikuangalia boti."

"Na vidoa?"

"Ni moto. Ikikaa wazi mingi inapata moto ndani, inaanza kuona vitu vyenye haviko. Iko na dawa yake: kisha foto, inapiga ingine na macho ya kufunga, muda ule ule, inajua makosa yake, inayafuta. Mais itataka saa ingine moja na nusu, na betri haiwezi. Nikaikatalia."

Luse aliweka kidole juu ya ile injini nyepesi. "Na hii, ulionaka kabla ya kumupa Mubanga?"

Hervé alikuwa anatazama sakafu.

"Nilionaka."

"Ukajua maana yake."

"Nilijua. Nikanyamaza. Nilisema, Ruffin ni mutu wa kupita tu, kazi yangu ni ya kila siku. Nina haya, madame. Tangu siku ile sikule vizuri."

Haya zake hazikumpunguzia Luse hasira, lakini aliziweka akiba, kwa sababu shahidi mwenye haya ni bora kuliko asiye nazo. Alimpigia simu Mubanga.

Walikutana kwenye stoo ya Mama Maggie, chumba cha matofali kisicho na dirisha, ambacho mlango ukifungwa kinabaki na ufa mmoja tu wa mwanga. Hervé alisimamisha kamera na kuifunga mpira. Luse alimweka Mubanga mbele ya magunia na kumwamuru asijikune. Yeye mwenyewe akaanza kutembea mbele ya kamera, huku na huko, bila kusimama. Nusu ya muda ilipopita alimgusa Mubanga bega, naye akanyata hadi kona ya nyuma ya kamera. Luse aliendelea kutembea mpaka mwisho.

Picha ilipotokea kwenye kioo, Mubanga alikuwa amesimama katika sare yake, na kupitia tumbo lake yalionekana magunia, kamba zake na hata maandishi yake.

"Nimekuwa pepo," alisema Mubanga, hakufurahi.

"Umekuwa ushahidi. Ulikaa nusu, ukaonekana nusu. Na mimi niko wapi?"

Mubanga alitafuta. Hakumpata.

"Hukuwepo, Ba Inspekta."

"Nilikuwepo muda mrefu kuliko wewe. Sikusimama mahali, basi." Aliitoa picha ya Jumanne. "Injini iliondolewa kamera ikiwa wazi. Aliyeitoa alikuwa anatembea, ndiyo maana hayupo. Sasa mtazame Ruffin. Unaona gunia lolote kupitia blanketi lake?"

Mubanga aliisogeza picha puani. Blanketi lilikuwa zito, mistari yake yote imekamilika.

"Alikuwa hapo chini mwanzo mpaka mwisho," alisema polepole. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, aliivua kofia yake na kuipangusa bila sababu. "Nilimtukana mama yake, Ba Inspekta."

* * *

Ufunguo wa pili wa lile kufuli ulikuwa kwa Barthélemy, aliyeendesha boti ya Mama Maggie kabla hawajagombana. Alisema ulianguka majini zamani. Hakuna aliyemfuatilia, kwa sababu usiku wa Jumanne pwani nzima ilimwona ziwani. Kila mvuvi hapa ana namna ya kujulikana na wanunuzi wake, na Barthélemy aliifunga taa yake kwa plastiki ya kijani. Hata kwenye picha ilikuwepo, mstari wa kijani kati ya ile ya njano. Barthélemy ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema Hervé aulizwe kuhusu picha zake.

Walimkuta ameketi mchangani akishona wavu.

"Papa Barthélemy, pole na kazi."

"Asante, madame. Mulinikamata kwa foto, nasikia." Alitabasamu. "Taa yangu iko muzuri, hapana?"

"Nzuri sana. Nieleze kazi, miye ni mutu wa ofisi. Taa inafanya nini?"

Hakuna mvuvi anayekataa swali hilo. Barthélemy aliweka sindano chini na kutumia mikono yote miwili. Mitumbwi ni miwili, alisema, mmoja wa wavu, mdogo wa taa. Mnaacha maji yawasukume polepole. Chisense zikisikia mwanga zinapanda. Zikishapanda mingi, unafunika taa na ndoo, giza, zinaogopa na kujikusanya pamoja, njo wakati munanyanyua wavu. Kisha unafunua, munaanza tena.

"Na usipofunika?"

"Zinatawanyika. Utavuta maji bule."

"Mwenye kuloba samaki usiku muzima bila kufunika hata mara moja?"

"Ule si muvuvi. Ule ni kichaa." Akacheka.

"Na weye Jumanne ulifunika?"

"Mara mingi. Miye na Guy, mwenzangu wa mutumbwi."

"Guy eko wapi?"

"Alivuka, eko Kilwa ya Kongo. Mama yake anagonjwa."

Luse alichuchumaa na kumtandikia picha juu ya wavu. "Angalia mistari ya wenzako. Huu umekatika hapa, na hapa, na hapa. Huu pia. Kila mahali umekatika, ndoo iko juu ya taa. Sasa fuata wa kijani."

Barthélemy aliufuata kwa macho. Ulitoka ukingo mmoja wa picha, ukapinda kidogo na maji, ukatokea ukingo wa pili, mzima kama uzi mpya.

"Foto ya sekunde makumi tatu," alisema. "Nani anafunika taa kwa sekunde makumi tatu? Mubanga alisema ni makumi tatu."

"Mubanga alikosea. Ni saa moja na nusu."

Tabasamu lilibaki usoni pake kidogo kwa mazoea, halafu likaondoka. Aliiokota sindano, akashindwa kuipitisha kwenye tundu.

"Mutumbwi wa taa ulikuwa ziwani," Luse alisema. "Haukuwa na mutu wa kufunika."

"Taa haisemi nani alikamata moteri." Barthélemy alimtazama usoni sasa. "Unipe mutu mwenye aliniona, madame. Mutu. Si foto."

Na kwa hilo alisema kweli, jambo lililomkera Luse kuliko uongo wake wote. Hakimu atamwachia Ruffin, lakini atamwachia na huyu pia, na injini iko Kilwa na Guy. Alimwacha Mubanga palepale mchangani amlinde, akarudi kituoni kwa miguu, akiitazama picha njiani mpaka akakaribia kumkanyaga mbuzi wa watu. Alikuwa ameiangalia injini, ameangalia taa na nyota. Sasa alitazama blanketi. Mistari yake ilikuwa myeupe na myeusi, myembamba, na kila mmoja ungeweza kuufuata kwa ncha ya kalamu.

Alisimama katikati ya barabara. Kisha akaanza kutembea haraka.

* * *

Dereva wa gari la Mansa alikuwa tayari amewasha. Luse alipita mbele yake bila kusema, akamtoa Ruffin mahabusu, akamkalisha kwenye benchi la ofisi na kumwekea picha mapajani.

"Uko hapa."

"Niko."

"Hii picha ilikaa wazi saa moja na nusu. Kila chenye kutembea kilifutika. Kila chenye kutikisika kilikuwa moshi. Hervé akilala anageuka. Mutoto wako akilala anageuka. Miye mwenyewe kuna asubuhi najikuta miguu kwenye mto." Aligusa blanketi. "Angalia mistari yako, Ruffin. Haikutikisika hata moja. Mutu mwenye kulala hafanane hivi. Hivi anafanana mutu mwenye eko macho, na anaogopa."

Ruffin aliinua macho kutoka kwenye picha. Akatazama mlango, si kama anayetaka kukimbia. Alitazama kama mtu anayetafuta habari.

Hapo ndipo Luse alipoelewa ni nini hakikuwa kimeingia kituoni siku zote hizo pamoja na bukari. Alifungua mlango mwenyewe.

"Fidélie. Ingia."

"Banasema..."

"Miye ninasema ingia."

Fidélie aliingia na sufuria yake. Ruffin hakumsalimu hata.

"Batoto?" aliuliza. "Bale bakubwa, beko wapi?"

"Beko huku, na mama yako. Balivuka juzi, na boti ya bamama ya biashara. Beko Kashikishi kwa mama Pierrette, kwenye ninalala. Kwani haukujua? Nilisema nao bakuambie, balikataa."

"Hakuna mwenye alibaki Kilwa?"

"Hakuna."

Ruffin aliachia pumzi ndefu hivi kwamba mtoto mgongoni kwa mama yake aligeuza kichwa. Halafu akafunika uso kwa mikono miwili na kulia waziwazi, na Luse akatazama dirishani mpaka amalize.

"Guy anakaa nyumba ya pili na ya mama yangu," alisema Ruffin. "Kule Kilwa. Ningesema jina hapa, batoto bangelipa kule. Bon. Ni Barthélemy na Guy. Hervé alienda tu, usingizi haukukuya bado, nikasikia kasia. Balizunguka pwani wakati murefu kabla ya kukamata moteri. Barthélemy alikuya mpaka kwangu. Alisimama juu yangu na panga, aone kama nalala. Nilifunga macho. Mbu ilikaa hapa," aligusa kope la jicho, "ikakunywa mpaka ikashiba. Sikuifukuza."

"Na walipoenda?"

"Nilijuaje kama bameenda? Nilibaki vile vile. Nilisikia Hervé anarudi, nikasema labda si Hervé. Nilibaki vile mpaka ndege zilianza kulia." Aliinamia picha tena, akatafuta kandokando ya boti. "Mais Barthélemy haonekane."

"Hapana. Alitembea."

"Na miye ninaonekana ju niliogopa." Alisema hivyo kwa mshangao, akipitisha kidole kwenye mistari. "Nilikuwa na haya ya ule woga, madame. Mwanaume muzima. Nilisema, ata nikitoka hapa, sitamuambia mutu."

"Utamwambia hakimu," Luse alisema, "na utamwambia yote, pamoja na mbu."

Alitoka nje akamwambia dereva azime gari. Safari ya Mansa ingekuwepo kesho, na mtu wa kupanda alikuwa mchangani na Mubanga. Kisha akampigia simu mwenzake wa polisi upande wa pili wa ziwa kuhusu Guy, akavuta kiti na karatasi aandike maelezo ya Ruffin maneno yakiwa bado ya moto.

Alipoinua kichwa, msemaji wake alikuwa amelala. Alijinyoosha kwenye lile benchi gumu, kichwa mapajani kwa Fidélie, bukari haijaguswa, mdomo wazi. Fidélie alitaka kumwamsha, Luse akamzuia kwa mkono na kuendelea na yale aliyokuwa ameshayasikia. Kabla hajafika mwisho wa ukurasa, Ruffin alikuwa amegeuka mara mbili, na mara ya pili nusura aanguke chini.